Vipande vya Zaina

Mgeni alibisha hodi mara tatu, na mara zote tatu Subilaga alimsikia, lakini hakuweza kuitika, maana wakati huo alikuwa akimnyoa ndevu mzee mmoja ambaye hakujua anaishi wapi.

Alisimama kwenye kona ya chumba, mikono imezama katika glovu ndefu zilizofika viwikoni, macho yamefunikwa na miwani mizito. Vifaa hivyo wafanyakazi wenyewe waliviita koti, na kazi yao wakaiita kuvaa. Mvua ya Tukuyu ililipiga bati juu ya kichwa chake, lakini wembe alioushika haukuwa Tukuyu. Ulikuwa mbali, katika mkono wa mashine, shingoni mwa mtu aliyefumba macho kwa kumwamini.

"Mtu anabisha mpaka mlango unaomba msamaha!" baba yake alifoka kutoka jikoni. "Mwenye macho kayafunika, asiye na macho ndiye akafungue!"

Mzee Ambakisye alipapasa ukuta hadi mlangoni. Alikuwa kipofu tangu mvuke wa kiwanda cha chai ulipomchoma uso, zamani zile viwanda vilipokuwa bado na watu ndani.

"Karibu, wewe unayebisha kama askari. Nani?"

"Shikamoo, mzee. Naitwa Idrisa Shekigenda. Natoka Lushoto."

"Marahaba. Lushoto! Kwenu mvua zimekwisha hata uje kunyeshewa huku?"

Mgeni hakucheka. "Namtafuta Subilaga Ambakisye. Yule mvaaji."

Subilaga alisikia jina lake. Kwa miaka mitatu ya kuvaa, hakuna mteja aliyewahi kuja kwake. Kazi yenyewe ilijengwa juu ya jambo hilo: wewe hujui unamhudumia nani, naye hajui nani anamhudumia. Alitamani kuvua miwani palepale, lakini mtu hawezi kuondoka huku wembe uko shingoni mwa mwenzake. Akamaliza kidevu, akamaliza chini ya taya. Alipogeuka kuchukua taulo amfute povu la shavu la kushoto, dakika arobaini za kipande chake zikatimia, na picha ikazimika. Atakayefuata angelikuta povu limekauka.

Akavua. Sebuleni alikuwepo mwanamume wa miaka arobaini na kitu hivi, koti la mvua likimdondokea maji sakafuni, na mkononi kashika karatasi ya kioo, nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Mama yangu amefariki siku kumi na sita zilizopita," alisema, bila hata kukaa. "Hii inasema wewe ndiye uliyekuwa naye alipoanguka."

Subilaga aliuangalia uso ule. Paji la uso pana, na nyusi zilizokutana katikati. Alikwisha kuziona nyusi hizo, nyeupe, juu ya macho yaliyokuwa yakimcheka.

"Bi Mwantumu," alisema, akakaa. "Bi Mwantumu amekufa?"

"Umelijuaje jina lake? Waliniambia hamwambiwi majina."

"Alijitajia mwenyewe. Alisema, mimi ni Mwantumu binti Kaniki, usiniite mteja kama vile ninauza nyanya." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Hakuna aliyeniambia, kaka yangu. Alipoanguka niliita msaada, picha ikakatwa. Nikabaki nashika hewa."

*

Kampuni iliitwa Bega kwa Bega, na karatasi yake ilikuwa na sentensi mbili tu zenye maana. Ya kwanza ilisema kwamba mvaaji, kwa uzembe, alidondosha kikombe, na mteja akateleza kwenye chai iliyomwagika. Ya pili ilisema kwamba mwenye mkataba akiweka kidole chake hapo chini kabla ya saa sita mchana, leseni ya mvaaji huyo itafungwa maisha, na shauri litakuwa limekwisha.

"Nimesafiri siku mbili," alisema Idrisa. "Sikutaka kumfungia leseni mtu nisiyemwona uso. Na nilitaka kumwona Zaina."

"Zaina?"

"Kila nikipiga simu, mama alinieleza habari za Zaina. Zaina kanisuka, Zaina kanipikia ugali wa bada, leo Zaina kanuna. Nikasema angalau mama ana mtu."

Subilaga alitikisa kichwa. "Zaina hayupo, kaka. Yaani tupo, lakini tu wengi. Mashine ni moja na sauti ni moja. Ndani yake anaingia mtu, anatoka, anaingia mwingine. Vipande thelathini na sita kwa siku. Mimi kwa mwaka huu wote nimeingia kwa mama mara tisa."

"Mara tisa." Idrisa alikaa, hatimaye. "Mbona wasimwache mtu mmoja akazoeana naye?"

"Sheria," mzee Ambakisye alidakia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, akimenya ndizi kwa vidole vilivyojua njia. "Mvaaji akihudumia nyumba moja siku thelathini mfululizo, huyo si kibarua tena, ni mwajiriwa. Ana likizo, ana matibabu. Kwa hiyo wanawachanganya kama karata. Babu yangu alilima mkonge wa Mzungu kwa kipande, kadi ya siku thelathini, na hakuruhusiwa kuondoka kabla siku hazijatimia. Hawa vitukuu vyake hawaruhusiwi zitimie. Maendeleo hayo, bwana!"

"Baba."

"Nimesema uongo?"

Idrisa aliinamisha kichwa. "Nilikuwa na Sakina," alisema polepole. "Alikaa na mama miaka minne. Mtu mzuri. Lakini akiumwa, mama yuko peke yake. Akifiwa, wiki nzima. Mimi niko bandarini Tanga, siwezi kuacha kazi kila Sakina anapofiwa. Hawa wakaja wakaniambia: lipia saa unazotumia tu, usiku na mchana mtu yupo, hafiwi, haumwi."

"Tunafiwa," alisema Subilaga. "Tunaumwa pia. Ila hamtuoni. Anaumwa huyu, anaingia yule, na sauti ni ileile."

Alisema hivyo bila ukali, kwa sababu hata yeye hakuwa amelazimishwa. Aliwahi kuajiriwa hotelini Mbeya, akapewa sare na cheo, na katika miaka miwili akamwona baba yake mara nne. Koti lilimrudisha nyumbani. Alivaa alipotaka, akavua akampikia baba uji, akamwongoza bafuni, akavaa tena. Hakuna msimamizi aliyemfokea. Alichokipoteza alikigundua baadaye, siku alipolazwa kwa homa ya matumbo. Kwa wiki mbili hakuna aliyeuliza yuko wapi, maana hakuna aliyejua kwamba alikuwepo.

*

Lakini kulikuwa na jambo ambalo karatasi ya Idrisa haikulijua.

Orodha ya kazi za Bi Mwantumu ilikuwa na mstari unaosema: mpe dawa ya presha kama hajapewa. Hajapewa na nani? Kampuni haikumwambia mvaaji kilichofanyika katika kipande kilichotangulia. Kila picha na kila neno vilifutwa, kwa ajili ya heshima ya mteja, walisema. Wavaaji walijua sababu nyingine: wakianza kuachiana habari, watakuwa kikosi, na kikosi kina haki. Kuandika hata neno moja ukutani kulimfungia mtu leseni. Na ukimuuliza Bi Mwantumu kama amekunywa dawa, alijibu ndiyo au hapana kadiri alivyojisikia.

Ni Subilaga aliyeanzisha kikombe. Kwao Rungwe, watu walipodamkia shamba walimwachia mgonjwa kikombe kimegeuzwa, ili atakayerudi kwanza ajue kwamba huyu ameshapata chakula. Katika kipande chake cha pili kwa Bi Mwantumu alichukua kikombe chake cha bati cha bluu na kumwambia: Bibi, dawa ukishainywa tunakigeuza chini. Usiku, chai ya mwisho, tunakiacha kitazame juu. Ajuza yule, aliyesahau dawa na siku na mwezi, hakusahau kikombe. Akawa mwalimu. Kila Zaina mpya alipoingia akauliza, aliambiwa kwa dharau: "Wewe vipi leo? Hukioni kikombe?" Hivyo watu wasiojuana, waliotawanyika nchi nzima, wakawa wanaachiana habari chini ya pua ya kampuni. Subilaga aliporudi katika kipande cha tatu akakuta kikombe kimegeuzwa na mkono usio wake, alilia ndani ya miwani kwa furaha.

Siku ya mwisho alikikuta kikombe kiko juu ya rafu, kimegeuzwa chini. Akauliza hata hivyo: "Bibi, dawa umekunywa?"

"Kikombe si kimegeuzwa?"

Bi Mwantumu alikuwa akijimiminia chai katika kikombe kingine, kipya, cheupe, cha udongo mnene. Hakutaka kusaidiwa. Subilaga aliona mdomo wa bibi ukishuka upande mmoja, kama pazia lililokatika kamba. Kisha mkono ukafunguka wenyewe, na kikombe kikapasuka sakafuni. Mashine ilikuwa hatua mbili nyuma; ilimdaka kwa kuchelewa.

Akiwa chini, kwa ulimi uliokwisha kuwa mzito, hakuzungumzia maumivu. Alitazama vipande vya kikombe.

"Usimwambie Idrisa nimekivunja," alisema. "Kanunua juzi tu. Atasema mama kazeeka. Niahidi, Zaina."

"Sitamwambia, Bibi. Nakuahidi."

"Sema... sema ni paka."

Ndipo picha ikakatwa.

*

"Kabla hajaanguka mlikuwa pamoja?" Subilaga aliuliza sasa, kwa sauti ya tahadhari. "Ulikwenda kumwona?"

Uso wa Idrisa ulilainika kwa mara ya kwanza. "Nilikwenda. Baada ya mwaka mzima. Nililala usiku mmoja. Nilimpelekea kikombe nilichomwagizia kwa mfinyanzi, kimeandikwa jina lake. Nikaizima ile mashine, nikasema leo Zaina apumzike, mtoto wako yupo. Nikampikia, nikaosha vyombo vyote. Kile kikombe chake cha bati, kilichobanduka rangi, nilikiosha nikakigeuza juu ya rafu, kama alivyonifundisha mwenyewe. Nikamwambia, hicho kimestaafu sasa. Kuanzia leo, chai yako ni kwenye hiki."

Alitabasamu kidogo akikumbuka. "Nikaondoka alfajiri nikiwa na moyo mweupe. Siku nne baadaye wakanipigia simu."

Subilaga aliinuka. Alisema anakwenda kutazama ndizi.

Siku nne. Kikombe cha bati kimetazama chini juu ya rafu siku nne, na hakuna aliyekigusa kwa chai ya usiku, kwa sababu chai ilikuwa na kikombe chake kipya. Watu zaidi ya mia waliingia ndani ya Zaina, mmoja baada ya mwingine, wakainua macho, wakaridhika. Kila mmoja alikuwa mwangalifu. Kila mmoja alifuata ishara. Hakukuwa na mzembe hata mmoja, na mama wa watu hakupewa dawa.

Baba yake alikuwa amemfuata, ndizi mkononi. Habari ya kikombe na ahadi alikwisha kuijua. Subilaga alimsimulia siku ileile. Na masikio yake hayakuwa na upofu.

"Nimesikia," alinong'ona. "Ni yeye aliyekigeuza."

"Ni yeye, baba. Na ni mimi niliyeanzisha kikombe."

"Basi mwambie. Mwambie mama yako alikivunja mwenyewe, ugonjwa ulikuwa umeshamwingia, mimi sina kosa. Leseni yako inabaki."

"Ataniuliza ugonjwa ulimwingiaje."

"Na aulize! Alitaka mtumishi asiyefiwa, si ndivyo? Ahadi ya marehemu haisongi ugali, Subi. Mimi hapa nakula kwa koti lile." Kisha akasema kwa upole zaidi: "Na ukinyamaza, kesho wataua bibi mwingine, wamtafute Subilaga mwingine."

Hilo lilimchoma kuliko leseni. Alisimama na mwiko mkononi, mvuke wa ndizi ukimpanda usoni, akatafuta njia ya kuwa mkweli na mwenye huruma kwa pamoja. Ilikuwa imani yake tangu utotoni kwamba njia hiyo ipo daima, ukiitafuta kwa moyo safi. Leo hakuiona.

"Nitawaambia wote, baba," alisema mwishowe. "Nitakwenda wizarani, nitakwenda kwa wavaaji nyumba kwa nyumba ikibidi. Nitaeleza jinsi tunavyofichwa sisi kwa sisi. Lakini huyu mmoja siwezi. Yeye aliosha vyombo vya mama yake, basi."

"Wizarani watakusikiliza huna leseni?"

Subilaga aliepua ndizi akarudi sebuleni, baba yake nyuma.

*

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika kumi ifike sita. Idrisa aliiweka karatasi ya kioo mezani.

"Dada yangu, niseme ukweli," alianza. "Njia nzima nimekuwa nikifikiri. Nimekaa na ile mashine jikoni kwa mama. Nimeipa yai, nimeipa glasi. Haidondoshi kitu. Nami najua mama alikuwa mbishi wa kujifanyia mambo. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu. Kama ni yeye aliyekidondosha, basi kuna kitu kilimpata kabla hajaanguka, na mimi sisaini. Nitawafikisha hawa mahakamani, nitachimba mpaka nijue siku zile nne kulitokea nini. Naapa. Kikombe kilivunjwa na nani?"

Mzee Ambakisye aliacha kumenya.

Subilaga aliyaona yote mawili, kama njia panda mchana kweupe. Upande mmoja kulikuwa na leseni yake, na baba yake aliyeshiba, na kampuni mbele ya hakimu, na mwisho wa kuchimba kote huko, mwanamume huyu akisimama mbele ya rafu jikoni Lushoto, akitazama kikombe cha bati. Upande wa pili kulikuwa na ajuza mmoja sakafuni aliyeona haya mbele ya mwanawe.

Hakumpata katika orodha yoyote ya kampuni mtu ambaye angeweza kumwachia ahadi ile. Kila kitu kingine katika kazi hii kilikuwa na atakayefuata. Ahadi ilikuwa yake peke yake.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe."

"Ni mimi, kaka Idrisa. Nisamehe."

Idrisa alimtazama kama mtu aliyetarajia kubishiwa na sasa hajui aiweke wapi nguvu yake. Kisha akaweka kidole kwenye kioo. Katika kona ya chumba cha ndani, taa ndogo ya kijani iliyokuwa ikiwaka kwenye glovu usiku na mchana kwa miaka mitatu ilizimika, bila sauti yoyote.

Mzee Ambakisye aliuelekeza uso wake upande ule, kana kwamba ameiona. Akachukua ndizi nyingine.

Idrisa alijifunga koti lake la mvua. Alifika mlangoni akasimama, akiwapa mgongo.

"Kilipovunjika," aliuliza, "mama alisemaje?"

Subilaga alimfuata hadi mlangoni.

"Alinigombeza," alijibu. "Alinigombeza sana. Alisema kikombe amenunuliwa na mwanawe juzi tu, na mimi sina adabu ya vyombo vya watu."

Mabega ya Idrisa yalitikisika, na Subilaga hakujua kama ni kicheko au kilio, mpaka alipogeuka na kumwona anafanya vyote viwili.

"Ndiye," alisema. "Huyo ndiye mama hasa."

Akaingia mvuani.